Spana nyembamba kwa nati ya kufungia

Ndugu, umeuliza utapata wapi spana inayoweza kuingia kwenye nati nyembamba ya kufungia (ile inayokazwa dhidi ya nati nyingine ili zisilegee) bila kuigusa nati iliyo nyuma yake. Anza kwa wauza vifaa vya baiskeli, kwa sababu spana za koni za magurudumu (za kushika nati zinazobana beringi za ekseli) huwa na unene wa takriban milimita 2, nazo hupatikana kwa urahisi katika saizi za milimita 13 hadi 19. Kabla ya kununua, pima kwanza unene wa nati yenyewe: nati nyembamba ya M10 (ya bolti yenye kipenyo cha milimita 10) ina milimita 5 tu, wakati ile ya kawaida hufikia 8.4, na spana nyingi za kawaida ni nene kuliko hiyo 5.

Ukikosa saizi yako, chukua spana ya bei nafuu (usiharibu ile nzuri) uipunguze kwa grenda pande zote mbili, ukiichovya kwenye maji kila mara inapoanza kuchoma vidole, kwani chuma kikishageuka rangi ya buluu kimepoteza ugumu wake na mdomo utapanuka ukiibana nati. Punguza mdomo peke yake. Mpini uuache na unene wake.

Spana nyembamba itumie kushikilia, si kulazimisha. Nati iliyoshika kutu inyunyizie mafuta ya kupenya mapema, kisha uishikilie nati moja kwa spana nyembamba huku ukiizungusha nyingine kwa spana nene, pale nafasi inaporuhusu.