Wageni wa meli na safari ya Takwa: tazama maji kwanza

Meli ya watalii ikitia nanga nje ya Shela, kisiwani Lamu, simu yangu haitulii. Vijana wa matembezi wanauliza: wageni wana saa chache tu, tuwapeleke kwenye magofu ya Takwa? Nami huuliza: leo mwezi mwandamo ni tarehe ngapi?

Takwa iko kisiwani Manda, na boti huifikia kwa kijito cha mikoko ambacho maji yakitoka hubaki tope tupu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa alfajiri na tena mnamo saa kumi alasiri. Saa nne asubuhi, wageni ndio kwanza wanashuka gatini, kijito kimekauka. Siku hiyo usilazimishe. Watembeze mjini Lamu: Ngome iliyokamilika 1821, makumbusho, vichochoro. Wataridhika.

Maji mafu, ya siku za nusu mwezi, ndiyo hujaa katikati ya asubuhi, ila hayajai sana. Chukua boti nyepesi, nahodha awe na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, usipakie watu pomoni. Ingia maji yangali yanajaa, na saa ya kutoka aiseme nahodha, si mgeni mwenye kamera. Meli haimngoji mtu, na boti ikikwama lawama yote ni yako.

Pale magofuni wengi hukimbilia tarehe. Zitaje, sawa: kaburi la nguzo lina mwaka 1094 Hijria, yaani 1682 au 1683. Lakini mimi nimeona wageni wakishusha kamera wanaposikia kwamba watu wa Shela bado huja kaburini hapo kuomba mvua. Waonyeshe pia nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla msikitini. Na tafadhali, acheni hadithi za mji uliopotea! Watu walihama karne ya 17, inasemekana kwa sababu visima viliingia chumvi, na wengi walivuka tu hadi Shela. Nahodha wako akiwa Mshela, mwache aeleze mwenyewe. Atasikilizwa kuliko wewe.

Bei itaje kabla hawajapanda boti, pamoja na kiingilio cha Makumbusho ya Taifa, maana mabishano ya gatini hula muda. Maji ya kunywa na kofia wachukue huku huku mjini. Takwa usitegemee duka.