Kidonge nakiona, mkono hauendi

Shikamoo mama. Nina miaka 34, nauza maandazi Tandika, Dar es Salaam. Nilijua nina virusi vya UKIMWI mwaka 2017, kliniki ya wajawazito. Nikaanza dawa siku ileile, mwanangu akazaliwa salama, sasa yuko darasa la pili. Miaka yote hiyo nilikuwa naambiwa virusi vimefubaa.

Mwaka jana mke wa mwenye nyumba aliingia chumbani kwangu kudai hela ya LUKU, akaliona kopo. Hakusema kitu. Wiki mbili baadaye nikaambiwa chumba kinatakiwa, kijana wao anaoa. Yule kijana hajaoa mpaka leo. Tangu nihame sina usingizi. Naamka saa nane usiku kukanda unga, najikuta nimekaa na beseni nalia, unga umekaukia vidoleni. Chakula sikitaki. Juzi mteja alinipa elfu tano, nikamrudishia elfu nane. Vidonge nimevitoa kwenye kopo nikavifunga kwenye kitambaa, maana kopo linapiga kelele. Nakiona kidonge, mkono hauendi. Mwezi uliopita kipimo kikaonyesha virusi vimepanda, nikaulizwa mbele ya foleni nzima: "Wewe dawa unampa nani?" Shangazi anasema ni mashetani. Amepata mtu wa dua, ila huyo anataka kwanza niache dawa za hospitali. Je, virusi vimeingia kwenye ubongo? Au ndiyo naelekea Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili?
– Mama Maandazi

Marahaba mwanangu. Nianze na aibu yangu. Hilo swali ulilotupiwa mbele ya foleni, mimi nami nimelitupa. Nilipokuwa dirisha la CTC, kliniki ya dawa za VVU, nilimmwagia fundi ujenzi mmoja vidonge kwenye trei na kumhesabia vilivyobaki, kwa sauti, kama karani wa duka anayehesabu upotevu. Akaniangalia akasema, "Sista, nimelala siku tatu sijainuka. Hujaniuliza hata nilikula nini." Kwenye faili lake nilikuwa nimeandika maneno mawili: ufuasi mbaya, yaani hamezi dawa inavyotakiwa. Neno huzuni halikuwa na kisanduku chake kwenye fomu, basi mimi nikaona halipo.

Unavyoeleza wewe, kulia bila kupangilia, usingizi kukatika, chakula kukosa ladha, hesabu ya chenji kupotea, na yote hayo yakadumu, inafanana sana na sonona. Ni ugonjwa. Sisi mtaani tunasema "ana mawazo", tunampa pole, tunapita. Kituoni kuna maswali tisa yanayohusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, umakini, kukata tamaa. Ukifika, usianze na habari ya vidonge. Sema hivi: "Nina mawazo, silali, na ndiyo yamenifanya niache kumeza. Naomba nipimwe sonona." Omba kusemea chumbani, siyo dirishani. Hali yako ni siri yako, Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inasema hivyo na inakataza ubaguzi. (Kuhusu kile chumba, sheria ileile iko upande wako, ila kwa hali yako ya sasa sikutumi ukaanze kesi. Lala kwanza.)

Ubongo. Ndiyo, virusi hufika huko, tena mapema, na visipodhibitiwa kwa muda mrefu vinaweza kuharibu kumbukumbu na umakini. Lakini wewe ulikuwa umevifubaza miaka mingi, na machozi yako yana tarehe: yalianza uliponyang'anywa chumba. Mambo yalikwenda kwa mpangilio huo. Sonona ilitangulia, dozi zikakatika, virusi vikapanda, ukafokewa, na kufokewa kukaongeza sonona. Ukirudi kumeza, kwa kawaida utapewa ushauri wa karibu wa ufuasi kwa miezi mitatu, kisha kipimo kirudiwe. Kidonge tunachotumia sasa, kile cha dawa tatu ndani ya kimoja chenye dolutegravia, hakizoelewi na virusi kirahisi. Wengi waliorudi kumeza vizuri nimeona majibu yao yakishuka.

Kuna jambo dogo ambalo huenda hakuna aliyekuuliza: unameza saa ngapi? Ulichoanza nacho 2017 bila shaka kilikuwa na efavirenzi, tukiwaambia mmeze usiku kwa sababu ya kizunguzungu na ndoto za ajabu. Hiki kipya kilianza kuingia nchini 2019, na baadhi ya watu kinawaondolea usingizi. Wengi waliendelea kumeza saa tatu usiku kwa mazoea tu. Muulize mtoa huduma akuhamishie asubuhi, ukishawasha jiko. Na vidonge virudishe kwenye kopo lao pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu, kitambaani vinaharibika. Kelele? Jaza pamba juu yake. Wateja wangu wa soko la samaki ndio walionifundisha hilo.

Mirembe nisikufiche, kwetu "nenda Mirembe" ni tusi, ndiyo maana watu wanafia ndani na mawazo yao. Kuna dawa za sonona zinazotumika pamoja na ARV, daktari ataangalia kama unazihitaji. Ila mara nyingi linaloanza ni kuzungumza. Harare, Zimbabwe, daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa mtaa wa Mbare. Hawakuwa wauguzi. Walifundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Washona wana neno lao, kufungisisa: kwao kufunga ni kufikiri, na kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi. Mawazo haya haya yetu. Utafiti uliochapishwa 2016, wenye watu 573, takriban wanne kati ya kila kumi wakiishi na VVU, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliokaa na wale bibi walikuwa na dalili chache mno za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Wewe benchi lako ni yule WAVIU mshauri wa kituoni kwako, anayeishi na virusi kama wewe. Mtafute. Mpe tatizo moja, siyo yote. Kwa maoni yangu lianzeni na nauli: kama unapanda daladala mbili ili usionekane na watu wa Tandika, nayo ni gharama inayokuchosha, na sasa watakuita kila mwezi. Virusi vikishuka tena unaweza kurudi kwenye dawa za miezi mitatu au hata sita.

Shangazi mwambie nimemsalimu, na dua aendelee kukuombea. Mtu wa dua anayeanza kwa kukunyang'anya dozi, huyo muache na dua zake.

Moja la mwisho ambalo hukuliandika, nami nauliza kila mtu. Likikujia wazo la kujidhuru, au la kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila wewe, usingoje tarehe ya kliniki. Siku hiyohiyo mwambie mtu aliye karibu, akupeleke hospitali.

* * *

Mama, mimi ni bodaboda wa Igoma, Mwanza. Nameza dawa mwaka wa tatu. Jioni nakunywa kidogo ili nisahau. Siku nikinywa naruka kidonge, nilisikia vikikutana tumboni vinakuwa sumu. Nafanya sawa?
– Dereva

Hapana baba. Pombe haikigeuzi hicho kidonge kuwa sumu. Umekunywa, meza. Hujanywa, meza. Kidonge ulichoruka ndicho kinachowapa virusi nafasi. Hiyo imani ya sumu nimeisikia kila kituo nilichofanya kazi, na wanaoishika ni wale wanaojali afya zao, ndiyo inaniuma.

Ila "kidogo" yako ni chupa ngapi? Na unasahau nini hasa? Pombe hukulaza kwa saa chache, kisha hukuamsha usiku wa manane na lile lile ulilolikimbia, likiwa zito zaidi. Tena asubuhi una abiria mgongoni. Hamishia dozi yako alfajiri kabla hujatoka na pikipiki, hiyo ni saa ambayo hujanywa bado. Kisha niandikie tena, jibu hayo maswali mawili.