Nitajuaje kwamba habari ya televisheni imelipiwa?

SWALI: Nasomea uandishi wa habari. Mwalimu wetu anasema televisheni za Marekani zilianza kuegemea upande mwaka 1987, kanuni ya usawa ilipofutwa. Ni kweli? Na mtazamaji atautambuaje mkono wa mfanyabiashara ndani ya taarifa ya habari?

JIBU: Ni kweli nusu. Kanuni hiyo, iliyovitaka vituo vitoe maoni ya pande tofauti katika masuala yenye mvutano, iliwekwa na tume ya mawasiliano ya Marekani (FCC) mwaka 1949, nayo ililenga vituo vyenye leseni ya masafa ya hewani. Fox News, iliyoanza 1996, hupita kwenye kebo. Hata kanuni ingebaki, isingeifikia kirahisi.

Mkono wa biashara utauona vizuri zaidi ukichunguza picha zimetoka wapi. Kampuni hulipia "habari" iliyokamilika, ya kama sekunde 90, kisha hukipa kituo bure. Sauti ya msimulizi huwekwa kwenye chaneli moja ya sauti, na mahojiano pamoja na sauti za mazingira kwenye chaneli nyingine. Utengano huo una sababu: mhariri huizima chaneli ya msimulizi, na mwandishi wa kituo husoma maneno yaleyale kwa sauti yake. Mtangazaji wa studioni naye huletewa utangulizi ulioandikwa tayari. Chumba cha habari kilichopunguza wapiga picha, huku kikiwa na saa zilezile za kujaza, huona kimepata nafuu. Mara nyingi hamna uongo wowote ndani ya habari hiyo. Kilichokosekana ni maswali: bei ni kiasi gani, madhara ni yapi, mshindani anasemaje?

Sheria ipo. Kifungu cha 317 cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934 kinakitaka kituo kimtaje aliyelipia. Desemba 2017 FCC ilipendekeza faini ya zaidi ya dola milioni 13 dhidi ya Sinclair, kampuni inayomiliki vituo vingi vya televisheni, kwa vipindi vilivyodhaminiwa kuhusu taasisi ya saratani ya Huntsman Cancer Institute, vilivyorushwa zaidi ya mara 1,700 bila mdhamini kutajwa ipasavyo. Baadhi vilionekana kama habari za kawaida. Shauri hilo na mengine yalimalizwa mwaka 2020 kwa makubaliano ya dola milioni 48. Kwangu hili ni kosa zito kuliko ushabiki wa wazi wa kebo, maana mgonjwa anayetafuta tiba hana namna ya kujikinga na asichokijua.

Sasa jinsi ya kuchunguza. Rekodi habari hiyo, uitazame mara ya kwanza bila sauti. Je, mwandishi anaonekana eneo la tukio, ameshika maiki yenye nembo ya kituo? Au ni bidhaa tu, iliyopigwa picha kwa taa nzuri mno? Kisha sikiliza ni wataalamu wangapi wanaozungumza na wanalipwa na nani. Mwisho, nakili sentensi moja ya msimulizi, uitafute mtandaoni ndani ya alama za kunukuu. Ukiikuta kwenye kituo chenye mmiliki mwingine, una jambo la kufuatilia. Vituo vya mmiliki mmoja hugawana picha kihalali, na mashirika ya habari huuzia vituo vingi picha zilezile, kwa hiyo angalia kwanza kama shirika limetajwa.