Wakaguzi wa nyumba ya wazee huangalia nini kwanza?

Dada, kwa swali lako la leseni ya nyumba ya kutunza wazee jimbo la Washington: wakaguzi wa DSHS (idara ya jimbo ya huduma za jamii na afya) huja bila taarifa, kwa hiyo usingoje siku yao ndipo uweke mambo sawa. Anza na maji ya moto. Kwenye mabomba wanayotumia wazee yasizidi nyuzi 120 za Fahrenheit, karibu 49 za Selsiasi. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu anaweza kuungua bila kustuka. Pima palepale bombani, usiamini namba iliyo kwenye tangi.

Dawa zote zifungiwe kwa ufunguo, hata zile za maumivu zinazonunuliwa bila cheti cha daktari.

Mazoezi ya kutoka nje moto ukitokea ni angalau kila miezi miwili, na uyaandike. Wengi huyafanya mchana, wahudumu wakiwa wawili. Tafadhali fanya na la usiku, mhudumu akiwa peke yake na mzee wa kiti cha magurudumu. Hapo utajua kama mlango wa nyuma unapitika kweli.