Usianze na madoa: kwa wanaojifunza kutambua wadudu kibibi Mombasa

Karibu kila anayeanza kazi hii huinama juu ya jani, akaona kidude chekundu chenye madoa, akaanza kuhesabu. Achana na madoa kwanza. Tazama ni mmea gani, na anakula nini hapo. Maswali hayo mawili yatakupunguzia orodha haraka kuliko rangi yoyote.

Chukua kunde. Mvua ya masika ikishakolea, vikonyo vyake hujaa vidukari weusi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na hapo utawakuta wanaowala: Cheilomenes, jenasi ya wadudu kibibi wa mviringo, laini, wanaong'aa. Cheilomenes lunata ni mweusi mwenye mabaka makubwa yaliyopinda, ya rangi ya chungwa au nyekundu. Cheilomenes sulphurea ni wa manjano mwenye mistari myeusi. Hadi hapo mambo ni mepesi. Shida huja na Cheilomenes propinqua, kwa kuwa wapo wenye mistari na wapo wenye mabaka, na wote ni spishi moja. Ukiwatenga kwa sura utaandika spishi mbili palipo na moja, na yule wa mistari utamchanganya na sulphurea. Ukiwaona wawili wasiofanana wakijamiiana, usikimbilie kuandika kwamba ni ajabu. Huenda ni mke na mume wa kawaida kabisa.

Kumbuka pia kwamba mdudu aliyetoka sasa hivi bundoni, yaani kwenye ganda ambamo buu hugeuka kuwa mdudu kamili, huwa wa manjano iliyofifia, hana hata doa moja. Rangi yake hukolea kwa saa kadhaa. Ukiona ganda tupu la bundo limebandikwa kwenye jani karibu naye, subiri kabla ya kumpa jina. Na yale maneno ya barazani kwamba idadi ya madoa ni umri wake, yaache huko huko barazani.

Sasa nenda kwenye maboga, matango, biringanya, au mnavu unaojiotea kando ya uzio. Huko wako wadudu kibibi wasiogusa kidukari hata kimoja, wanaokula majani: Epilachna na jamaa zake, kama Henosepilachna. Mwanga ukimpiga kwa ubavu utaona mwili mzima umefunikwa na vinyweleo vifupi, ndiyo maana hang'ai. Jani lenyewe ni ushahidi tosha, maana limekwanguliwa nyama ikabaki mishipa na utando mwembamba unaopitisha nuru. Buu wake ni wa manjano na ana miiba yenye matawi mgongoni, si kama buu wa Cheilomenes ambaye ni mweusi-mweusi, mrefu na mwepesi wa miguu. Mkulima akikuuliza kama mdudu kibibi ni rafiki au adui, usimjibu kabla hujaona vinyweleo na jani. Wengi humwambia tu kwamba ni rafiki, kumbe mazao yake yanamalizwa.

Kwenye mipapai kuna mtego mwingine. Pwani yetu imevamiwa na Paracoccus marginatus, kidung'ata, yaani mdudu mdogo mfyonza utomvu aliyejifunika nta nyeupe, ambaye asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na majani huonekana kama yamemwagiwa unga. Katikati ya weupe ule mara nyingi wamo mabuu wa wadudu kibibi wadogo wa kundi la Scymnus, nao wamejivika nta nyeupe vivyo hivyo. Mguse mmoja kwa ncha ya ujiti. Kidung'ata hukaa, au hujivuta polepole, ilhali buu hutimka.

Wadudu gamba wa minazi na milimau, nao, huliwa na Chilocorus. Huyo ni wa mviringo uliotuna sana kama kofia ya chuma, na ukingo wa uso umechomoza mbele ya macho. Ukishauona mara moja hutamsahau.

Wanaojifanya wadudu kibibi ni wengi, nitataja wawili tu. Chini ya mibuyu, mbegu zinapoanguka, kuna makundi ya Dysdercus wekundu na weusi. Mgeuze utaona mrija wa kufyonzea umelala chini ya tumbo. Mdudu kibibi ana taya za kutafunia, na vipapasio vyake ni vifupi vilivyonenepa nchani. Wa pili ni Aspidimorpha wa kwenye viazi vitamu, aliye bapa, mara nyingi mwenye kung'aa kama dhahabu, na ukingo unaopitisha nuru.

Kwa picha, piga tatu: juu, ubavuni, na mbele kabisa ili kile kisahani kilicho baina ya kichwa na mabawa kionekane vizuri. Alama zake husaidia kuliko madoa ya mgongoni. Weka rula ya shule kando, kwa sababu urefu wa milimita 2 na wa milimita 6 huonekana sawa kwenye simu. Toka asubuhi na mapema, kabla jua halijawapa nguvu ya kuruka. Akitoa majimaji ya manjano machungu kwenye viungo vya miguu, hajaumia, anajihami tu. Ila ukimweka kwenye chupa, usiiache juani. Kwa joto la Mombasa atakufa upesi.

Programu za simu zinazotambua wadudu kwa picha, zitumie kwa hadhari. Hukimbilia kukutajia Coccinella septempunctata au Harmonia axyridis, kwa vile picha nyingi zilizofunziwa ni za Ulaya na Marekani. Harmonia huyo, wa asili ya Asia, kweli amesharekodiwa Kenya, kwa hiyo usimkatae kijinga wala usimkubali kijinga. Na ukisoma vitabu vya zamani ukakuta Cydonia, jua ni Cheilomenes wale wale.

Ukienda hifadhi ya Shimba Hills, kukusanya wadudu ni jambo la kibali, kamera inatosha. Na wadudu kibibi wadogo, weusi au kahawia, wa milimita 2 wenye vinyweleo, kama wale wa kundi la Scymnus, andika jenasi, au kundi tu, uishie hapo. Spishi zao nyingi hutenganishwa kwa kupasua viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, na hakuna picha ya simu itakayokuonyesha hilo.