Kwa Nini Ua la Buluu Hutoka la Zambarau kwenye Filamu?

SWALI: Assalamu alaykum, Mhariri. Ninapiga picha maua ya uani kwetu, Mji wa Kale, kwa kamera ya filamu ya milimita 35, ili nimtengenezee mama albamu ya mimea aliyoipanda kwa mkono wake. Nilitumia filamu ya Velvia 50. Hibiskasi imetoka doa jekundu lisiloonekana hata mshipa, na ua la mtambaazi wetu linalochanua alfajiri, ambalo ni la buluu safi, limetoka la zambarau inayoelekea waridi. Fundi anayenisafishia filamu anasema dawa zake hazina kasoro. Je, ni filamu gani itakayonipa rangi za kweli?
— Msomaji, Mombasa

JIBU: Waalaykumu ssalaam, dada. Usimlaumu fundi kabla ya kufanya jaribio moja: katika picha ya kwanza ya kila filamu, weka kando ya ua kadi ya kijivu inayoakisi asilimia 18 ya nuru. Ikiwa kijivu kimebaki kijivu ilhali ua limegeuka, dawa zake hazikukosea.

Kuhusu hibiskasi, Velvia, iliyoingia sokoni mwaka 1990, inapendwa na wapigaji wa picha za mandhari kwa sababu hukoleza rangi, na wekundu uliokwisha kukolea huuzidisha hadi mishipa ya petali ikapotea. Tumia Provia 100F, au Ektachrome E100 ambayo Kodak waliirudisha mwaka 2018. Zote ni filamu za slaidi, yaani zinazotoa picha yenye rangi zake halisi kwenye filamu yenyewe, na zina rangi tulivu zaidi. Mimi ningeanza na Provia. Pima nuru kwenye kadi, si kwenye ua lenyewe, kwa sababu slaidi haistahimili kosa la zaidi ya takriban nusu stopu (stopu moja ni kuzidisha nuru maradufu au kuipunguza nusu), na kipima nuru kikielekezwa kwenye asumini nyeupe kitaifanya ya kijivu.

Ua la buluu, hata hivyo, halitaponywa na filamu hizo. Petali za baadhi ya maua ya buluu, na mtambaazi wa alfajiri ni mfano mashuhuri, huakisi buluu pamoja na wekundu wa mbali ulio kwenye ukingo wa nuru ionekanayo, karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 700. Jicho la binadamu karibu halioni kitu hapo, lakini tabaka la filamu linalopokea wekundu bado linapokea, na buluu ikichanganyika na wekundu huo huzaa zambarau. Filamu imerekodi nuru iliyokuwapo kweli; ni jicho lako ambalo halikuiona. Kichujio cha samawati kitapunguza wekundu huo, ila kitaiharibu pia rangi ya majani na ya ukuta, kwa hiyo sikupendekezei.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalizingatii. Ua hilo lenyewe hubadilika: tumba lake ni la zambarau, na linapochanua utomvu wa petali hupungua uchachu, pH (kipimo ambacho hupanda uchachu unapopungua) ikipanda kutoka 6.6 hadi 7.7, ndipo buluu inapodhihiri. Likianza kunyauka huelekea waridi tena. Lipige picha mapema, mara tu limalizapo kuchanua, kwenye kivuli kinachopata nuru ya anga tupu, kwa maana nuru hiyo ina wekundu mchache kuliko ya jua la moja kwa moja. Usilipige chini ya mti, kwa kuwa majani hupitisha wekundu wa mbali. Kwa asumini na hibiskasi kivulini, weka kichujio cha 81A, kinachopunguza buluu, kwani filamu ya mchana imesawazishwa kwa nuru ya kelvini 5500 (kipimo cha rangi ya nuru) na nuru ya anga ni ya buluu zaidi. Kwa mtambaazi, kiondoe.

Hata ukifanya hayo yote, zambarau kidogo itabaki. Kwa ua hilo pekee ningeiacha slaidi nikatumia filamu ya negativi, yaani yenye rangi zilizogeuzwa, ya Portra 160, kisha nikaketi na fundi wakati wa kuiskani, ua lililochumwa asubuhi hiyo likiwa mbele yetu, tukarekebisha rangi ya petali peke yake bila kugusa majani. Hapa jicho la mama yako lina haki kuliko filamu.

Kwa joto letu la Mombasa, hifadhi filamu kwenye friji ndani ya kikopo chake, itoe saa mbili kabla ya kukifungua ili isipate umande, na ukishaipiga ipeleke ikasafishwe wiki hiyo hiyo.