Bakteria Wenye Sumaku na Ikweta Yetu

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba katika matope ya vilindi vya bahari mna bakteria wenye sumaku mwilini, inayowaelekeza chini. Hapa Maseno mstari wa ikweta unakata barabara ya Kisumu kwenda Busia. Je, bakteria hao wakiletwa huku hawatapotea? Msomaji, Maseno.

JIBU: Ndugu msomaji, kwanza ifahamike kuwa usumaku wa dunia hauwavuti bakteria hao, bali huwageuza tu kama sindano ya dira, kisha wao wenyewe huogelea kwa vijimkia vyao, hata aliyekufa hugeuka, ila haendi popote. Salvatore Bellini wa Italia aliyaandika hayo mwaka 1963, lakini sifa, isivyo haki kwa maoni yangu, zilimwendea Mmarekani Richard Blakemore aliyewaeleza mwaka 1975.

Ndani ya kila bakteria mna mnyororo wa fuwele za madini ya chuma, kila moja ikiwa na ukubwa wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 35 hadi 120 hivi na kufunikwa na utando wake. Wengi wao hupenda mahali penye oksijeni kidogo sana, na kwa kuwa oksijeni hupungua kadiri matope yanavyokwenda chini, anayefuata mstari wa usumaku ulioinama kuelekea ardhini hutafuta juu na chini tu, badala ya kutangatanga pande zote.

Ikweta ya usumaku, yaani pale mistari hiyo inapolala bila kuinama, hata hivyo, si hii ipitayo Maseno. Barani Afrika hiyo hupita kaskazini yetu, katika nchi ya Ethiopia, na kwa hiyo huku kwenu mistari ya usumaku bado imeinama, ncha ya kusini ya sindano ikielekea chini. Bakteria afuataye kusini angefika matopeni bila taabu; yule wa kutoka Ulaya, azoeaye kufuata kaskazini, ndiye angepandishwa juu kwenye oksijeni asiyoitaka. Penye ikweta ya usumaku yenyewe mistari hulala, wala haimpeleki yeyote juu au chini. Watafiti waliochunguza matope ya Fortaleza, Brazili, ambako hali ilikuwa hiyo, walieleza mwaka 1981 kwamba aina zote mbili ziliishi pamoja kwa idadi zinazokaribiana.

Kuhusu vilindi ulivyovitaja, bakteria wafapo fuwele zao hubaki katika mashapo, yaani matope yaliyotuama chini ya bahari, na mwaka 1986 zilitambuliwa katika yale ya Atlantiki ya Kusini. Fuwele hizo ni sehemu ya kumbukumbu ambayo wanajiolojia husomea jinsi usumaku wa dunia ulivyopinduka, kaskazini yake ikabadilishana na kusini, mara ya mwisho ikiwa miaka 780,000 hivi iliyopita.